Jinsi ya kuupima mwezi wa vitabu, vya kusoma na vya kusikiliza

Mwezi ukiisha, watu wengi wanaopenda vitabu huhesabu vingapi wamemaliza. Mimi idadi hainisaidii. Ninachotaka kujua ni kipi kimebaki kichwani, kiliingilia wapi, machoni au masikioni, na mwezi unaokuja niyape macho nini na masikio nini. Kwa hiyo siku ya mwisho ya mwezi, jioni, nikishafunga kibanda, nakaa na daftari na kuupima mwezi wangu. Kazi haizidi saa moja. Nitakueleza ninavyoifanya, na mfano wangu utakuwa mwezi uliopita, maana vitabu vyake vilikuja kujibizana kwa namna ambayo nisingeiona kama nisingekaa chini jioni ile.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Ngamiani, Tanga. Nashona madera, magauni ya vitenge na sare za shule, na kupunguza suruali za watu. Nakutajia kazi yangu kwa sababu sehemu kubwa ya vitabu vyangu huingia kwa sikio huku mikono ikiwa kwenye kitambaa, na utaratibu huu umetoka humo humo. Kama wewe ni mpishi, mlinzi wa usiku au mama anayepukuchua mahindi uani, weka kazi yako mahali pa yangu.

Mstari mmoja kwa siku

Mwezi usiouandika huwezi kuupima. Lakini usijiwekee mzigo wa kuandika insha kila usiku, utachoka kabla ya wiki ya pili. Mimi natumia kurasa za mwisho za daftari la vipimo, lile lile lenye vifua na viuno vya wateja, kwa kuwa liko mezani muda wote na kalamu nimeifunga nalo kwa uzi. Kila nikisoma au kusikiliza naandika mstari mmoja wenye mambo manne: kitabu, nilipoishia, mikono ilikuwa inafanya nini, na kitu kimoja nilichokutana nacho humo. Nasema kitu, si maoni. Ukiandika "pamenigusa sana", mwisho wa mwezi hutajua palikuwa wapi. Ukiandika "shati la kitani", sura nzima itarudi.

Mistari michache ya mwezi uliopita ni hii (vitabu vyenyewe nitavieleza huko mbele):

Jumatatu. Peponi, sehemu ya kwanza. Kitandani, mikono mitupu. Sarafu anayopewa Yusuf.

Jumanne. Booker T. Washington, sura ya kwanza. Natia vifungo vya sare. Shati la kitani.

Jumatano. Hakuna. Gauni la harusi.

Alhamisi. Siku Njema, anasoma mtoto. Napiga pasi. Mama mwimba taarabu.

Siku isiyo na kitabu nayo iandike, pamoja na sababu yake. Utakapoipitia mistari yote kwa pamoja utaona mambo ambayo kumbukumbu ingekuficha. Kwangu siku tupu zote ziliangukia karibu na siku ya kukabidhi oda kubwa, na hilo linanisaidia kupanga: wiki ya harusi siazimi kitabu kinene.

Sikio lina kazi zake

Hapa nakusihi uende taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapovikatia tamaa vitabu vya kusikiliza. Mtu anasema, "Nilijaribu, nikajikuta sijui kilichosemwa." Mara nyingi kosa si la kitabu wala la masikio. Ni kazi aliyokuwa anaifanya.

Kazi za mikono si sawa. Ziko ambazo mikono inaijua njia yenyewe: kutia vifungo, kufumua mshono, kushika pindo kwa mkono, kupiga pasi, kukunja oda iliyokwisha. Hizo zinaniachia akili yote, na niliyoyasikia nikiwa nazo ninayo hadi leo. Ziko za katikati: kupachika kola, kuunga mikono ya gauni, kutia zipu. Hapo hadithi yenye matukio inapita vizuri, lakini majina, miaka na hesabu za fedha vinadondoka njiani. Halafu kuna kukata. Nikishatandaza kitambaa cha mteja mezani na chaki iko mkononi, simu inazimwa. Kitenge kikishakatwa kimekatwa. Kupima mteja pia nazima, kwa adabu tu: mtu amesimama mbele yako amenyoosha mikono, mpe masikio yote mawili.

Mashine nazo zina neno lake. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, inafunika kila sauti, na ukiongeza sauti ya simu ili uishinde unayaumiza masikio yako. Ninachofanya ni kukusanya nguo zote zinazohitaji ovaloki na kuzimaliza kwa mkupuo mmoja bila kusikiliza chochote. Cherehani ya miguu haina shida, ina mdundo wake na msomaji anasikika juu yake. Umeme ukikatika, mimi na kitabu tunaendelea.

Kaa basi uzipange kazi zako mwenyewe katika mafungu matatu: zinazokubali kitabu, zinazokubali hadithi nyepesi, na zisizokubali kitu. Ziandike ndani ya jalada la daftari. Ukisha kuwa na orodha hiyo, kuchagua kitabu cha kusikiliza kunakuwa rahisi. Kitabu cha historia chenye majina mengi kitasubiri siku ya vifungo. Hadithi ya vituko itakwenda na zipu. Na siku ya kukata ni siku ya ukimya. Nimeipenda hivyo, akili nayo inahitaji mahali pa kuyaweka yale iliyoyasikia jana.

Mambo mengine ni madogo lakini yana faida. Vaa spika ya sikio moja tu, sikio la pili liwe la mteja, la mtoto na la pikipiki inayopita. Jifunze kitufe cha kurudisha nyuma sekunde 15 au 30, ukitumie bila kusita kila unapohisi umepotea. Kwa Kiingereza napunguza kasi kidogo katika sura ya kwanza mpaka nimzoee msomaji na lafudhi yake, halafu nairudisha. Kiswahili sikipunguzi wala sikiongezi. Kuna watu wanasikiliza kwa kasi mara mbili ili wamalize vingi, na kwa hadithi iliyoandikwa vizuri naona ni kuinyang'anya pumzi zake. Mwandishi alipoweka nukta aliiweka kwa makusudi.

Pa kuvipata, na habari ya bando

Vitabu vya kusikiliza vya Kiswahili bado ni vichache mno ukilinganisha na vya Kiingereza. Lazima uchanganye njia.

Kwa Kiingereza natumia LibriVox, tovuti ya vitabu vya kusikiliza iliyoanza mwaka 2005. Wasomaji wake wanajitolea, na wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeshakwisha Marekani, kwa hiyo unapakua bure na kwa haki. Huko ndiko nilikopata Up from Slavery, maisha ya Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, aliyoyaandika mwenyewe, kitabu kilichotoka mwaka 1901. Kabla hujapakua piga hesabu ya bando. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa moja, na ya kilobiti 128 inakula mara mbili yake. Kitabu cha saa nane kwa sauti ya chini ni kama MB 230. Kwa sauti ya mtu anayesoma, hiyo ya chini inatosha kabisa. Pakua mara moja, mahali penye Wi-Fi kama unaweza, kisha sikiliza bila intaneti. Ukisikiliza moja kwa moja kutoka YouTube unalipia na picha ambayo huitazami.

YouTube ina simulizi nyingi za Kiswahili, na wako wasimuliaji wenye sauti nzuri hasa. Nazisikiliza siku za zipu. Ila angalia kama msimuliaji anamtaja mwandishi, maana hadithi ina mwenyewe.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: sauti ya nyumbani. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, anakaa nami. Jioni anasoma kurasa chache za riwaya kwa sauti na simu inarekodi, mimi namsikiliza siku ya pili nikipiga pasi. Yeye anapata ufasaha wa kusoma, mimi napata kitabu. Mwezi uliopita tulichukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Riwaya hii imeandikwa na Mkenya, lakini inaanzia kwetu, na Kongowea Mswahili, anayeisimulia, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu. Kurasa za mwanzo alipolifikia jina la mji alinyamaza, nasikia kabisa kwenye rekodi, kisha akauliza, "Mama mdogo, ni Tanga hii hii?" Nikamjibu kutoka jikoni kuwa ndiyo hii, soma. Sikuifuta sehemu hiyo.

Rekodi za namna hii zibaki nyumbani. Usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, wala usipokee PDF za riwaya mpya zinazozunguka humo. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache zinazonunuliwa, na kila nakala ya bure inamsogeza mbali na kitabu chake kijacho. Kama hela haipo, kuna maktaba ya mkoa, na kuna kuazimana nakala halisi, ambako hakumdhulumu mtu.

Jioni yenyewe

Sasa tumefika siku ya mwisho. Weka vitabu vyote kando, vimefungwa, na daftari la mistari nalo limefungwa. Chukua karatasi tupu. Andika jina la kitabu cha kwanza, na chini yake kila unachokikumbuka bila kuchungulia: watu, mahali, kitu kilicholiwa, neno lililosemwa, hata kama hujui kilikuwa sura ya ngapi. Ukikwama, kaa kidogo, usikimbilie kufungua. Halafu kitabu cha pili, hivyo hivyo.

Kuhangaika kukumbuka kuna kazi yake. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wasome. Wengine waliyarudia kuyasoma, wengine waliyafunika wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobakiwa na mengi. Kwa hiyo karatasi hiyo tupu haipimi tu kilichobaki, inakifanya kibaki zaidi. Ndiyo maana nasema usichungulie.

Ukimaliza, fungua daftari la mistari na uweke pamoja na karatasi. Weka alama kwenye vilivyobaki, uangalie mikono yako ilikuwa wapi wakati huo.

Kwenye kitabu cha Washington, shati la kitani lilibaki zima. Alipokuwa mtumwa mdogo huko Virginia alivishwa shati jipya la kitani kikali, na anasema kulivaa mara ya kwanza kulikuwa kama kuguswa na ncha mia za sindano mwilini. Kaka yake, John, alijitolea kulivaa yeye kwanza kwa siku kadhaa mpaka lilainike, ndipo akampa. Nililisikia hilo nikitia vifungo, na nimeshika vitambaa vipya vya kutosha maishani kujua uzito wa wema ule. Ilibaki pia kofia. Watoto wenzake shuleni walikuwa na kofia za dukani, mama yake hakuwa na fedha ya kununua, akachukua vipande viwili vya kitambaa cha kufumwa nyumbani akaviunga kwa mkono. Washington anaieleza kofia ile kwa heshima, kwa sababu mama yake hakuingia kwenye deni kwa ajili ya kuonekana. Kilichotoweka ni majina ya wafadhili wa shule yake ya Tuskegee, huko Alabama, aliyoianza mwaka 1881. Nilipotazama daftari: kola. Nikarudia sura hiyo siku iliyofuata nikikunja nguo, na safari hii yakakaa.

Peponi niliisoma kwa macho, kitandani, na kumbukumbu yake ni ya aina nyingine. Matukio nimeyashika kwa mpangilio, na sentensi nyingine naziona zilivyokaa kwenye ukurasa. Hii ni riwaya ya mwaka 1994 ya Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, na Mkuki na Nyota wakaitoa mwaka 2022. Kuna bustani ndani yake, yenye ukuta, ambayo kijana Yusuf anaitamani, na kila nilipofika bustanini nilisimama, nikarudia aya, nikaenda polepole. Sikio lisingeniruhusu kusimama hivyo. Tangu hapo nimejiwekea kanuni: kitabu ninachojua nitataka kukirudia aya kwa aya nakitafuta kwa karatasi, na maisha ya mtu anayenisimulia mwenyewe nayatafuta kwa sauti.

Vitabu vinapokutana

Sasa chukua karatasi nyingine, uulize: ni kitu gani kimetokea katika zaidi ya kitabu kimoja? Usilazimishe. Soma tu orodha zako kwa sauti, kitabu baada ya kitabu, na usikilize.

Nilipofanya hivyo nilisikia neno rehani mara mbili. Washington, alipokuwa anajenga Tuskegee, aliamua wanafunzi wafyatue matofali wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu likaharibika, na fedha ikaisha. Akaenda mji wa Montgomery akaweka saa yake rehani kwa dola 15 ili ajaribu tena. Saa hakuikomboa kamwe, lakini matofali yalipatikana. Na Yusuf wa Peponi, yule mtoto wa miaka kumi na miwili anayepewa sarafu na tajiri Aziz kila anapowatembelea, anapandishwa treni na kupelekwa pwani kwa sababu baba yake ana deni. Yeye ndiye rehani. Huko mmoja anaiweka rehani saa yake ili awajengee watoto wa watu, huku mwingine anamweka rehani mtoto wake. Nilikaa na mambo hayo mawili muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitabu chochote peke yake.

Nikaendelea kusoma orodha, nikaona wavulana watatu. Washington hakumjua baba yake, alisikia tu kuwa ni mzungu wa shamba la jirani. Yusuf anamjua baba yake, naye ndiye aliyemtoa. Kongowea wa Siku Njema anavuka kwenda Kenya kumtafuta wa kwake. Hakuna aliyevichagua vitabu hivi vikae pamoja: kimoja nilikipakua, kimoja nilikiazima, kimoja kililetwa na mtoto kutoka shuleni. Lakini kukutana kwao kumenifundisha kuliko muhtasari wowote, na kungenipita kabisa kama ningeishia kuandika "nimemaliza vinne".

Cha nne kilikuwa kifupi, Wasifu wa Siti binti Saad. Shaaban Robert ni wa kwetu huku Tanga, kwa hiyo kumsoma kwangu ni kama kumtembelea jirani. Anaeleza maisha ya mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, akaingia mjini na kuwa mwimbaji ambaye santuri zake zilirekodiwa Bombay tangu mwaka 1928. Kitabu kama hiki nakushauri ukisome kwa macho na wiki hiyo hiyo umtafute mhusika mwenyewe kwa masikio, kwa sababu nyimbo zake zipo mtandaoni. Maneno ya Shaaban Robert kuhusu sauti ile yanabadilika ukiisikia sauti yenyewe, kali, inayotoka kwenye mikwaruzo ya santuri ya zamani.

Nilikuwa nimeifungua kwa spika ya simu siku bibi mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alipokuja kuchukua dera lake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Huyo si Siti huyo?" Akakaa kwenye kigoda, nguo mapajani. Akaniambia baba yake alikuwa na gramafoni, na watoto walikatazwa kuigusa sindano yake, wakawa wanakaa chini ya meza kusikiliza. Nilimsomea ukurasa mmoja, akanisahihisha matamshi ya mitaa miwili ya mjini Unguja. Hayo nayo niliyaandika kwenye mistari ya siku ile. Kitabu ulichokizungumza na mtu kinastahili mstari wake, ukitaja mliongea na nani na alisema nini.

Ulivyoviacha njiani

Viandike navyo, na sababu yake, kwa neno moja: muda, sauti, au kitabu. Kama ni muda, kirudishe kwenye orodha. Kama ni sauti, yaani msomaji alikuwa anakimbia au vyombo vinagonga nyuma yake, kitabu hakina hatia, kitafute kwa karatasi. Kama ni kitabu chenyewe, kiache kwa amani na usikibebe mwezi mwingine. Riwaya moja ya kipelelezi niliyopewa niliiacha katikati kwa sababu ya tatu, na dakika niliyoiandika hivyo nilipata nafasi ya kingine.

Kuupangia mwezi unaoingia

Usichague zaidi ya vitatu: kimoja cha macho, kimoja cha masikio, na kimoja kifupi cha kujaza nafasi, cha kusubiria foleni ya benki au zamu ya hospitali. Riwaya ya kurasa 200 inataka kurasa saba kwa siku kuisha ndani ya mwezi. Kama kurasa saba ni nyingi kwako, ipe miezi miwili bila kuona haya.

Chagua kwa kuyatazama yaliyotoka kwenye karatasi, usiangalie kinachosifiwa wiki hiyo. Mimi nimetoka kwenye mwezi wa wavulana na baba zao, kwa hiyo nimegeukia upande wa pili. Kwa macho nimechagua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambamo binti mdogo, Yasmin, anaozwa kwa mzee na anakataa kuishia hapo. Kifupi ni Utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga Mwana Kupona binti Msham wa Pate mwaka 1858 kumuusia binti yake. Utenzi ni wa sikio tangu ulipotungwa, hivyo huo tutausoma kwa sauti, mimi ubeti mmoja na mtoto ubeti unaofuata, na simu ikirekodi. Kuna mambo ndani yake kuhusu mke na mume ambayo najua atayapinga, na nataka upingaji wake ubaki kwenye rekodi pia. Kwa sikio la kazini bado natafuta, nikitaka maisha ya mwanamke yaliyosimuliwa na mwenyewe.

Mwisho, kabla hujalifunga daftari, andika kila kitabu kilipo sasa. Cha maktaba, tarehe ya kukirudisha. Cha kuazima, kwa nani. Ulichoazimisha, nani anacho na tangu lini. Peponi iko kwa mwalimu wa mtoto, nimempa hadi katikati ya mwezi, na kuna watu wawili wanaisubiri nyuma yake.